Ukitaka Tambi Nzuri Ughaibuni, Tazama Nani Anazila

Msafiri wa kwetu akitua mji wa kigeni, siku mbili za mwanzo hula kwa udadisi. Siku ya tatu tumbo huanza kudai kitu linachokijua, na kwa kuwa wali wa nazi na mchuzi wa papa haupatikani Frankfurt wala Guangzhou, macho huanza kutafuta neno lililozagaa dunia nzima: pizzeria. Hakuna aibu hapo. Unga wa ngano, nyanya, kitunguu saumu, mafuta na chumvi si vitu vya kumtisha mtu. Ila chakula hiki kwa vile ni rahisi kukipika, ni rahisi pia kukiharibu na kukiuza hivyo hivyo kilivyoharibika. Tambi zilizochemshwa tangu asubuhi, nyanya ya kopo iliyozidishwa sukari, jibini la mfuko, majani makavu yamenyunyizwa juu, halafu bili inakuja ya bei ya changu mzima.

Wengi wetu huchagua mgahawa kwa kutazama bendera ya rangi tatu, kitambaa cha meza chenye miraba myekundu, picha ya mlima Vesuvius ukutani, na kijana aliyesimama mlangoni akiita wapita njia kwa lugha nne. Vyote hivyo vinauzwa dukani. Kisichouzwa dukani ni mteja. Mgahawa ulio mbele ya mnara maarufu unajua kwamba hutarudi. Ushibe au ukasirike, kesho una ndege. Lakini mgahawa wa mtaani ambao wazee wale wale huketi meza ile ile kila Jumapili hauwezi kufanya mchezo, kwa sababu wazee hao watasema, na watasema kwa sauti. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mgahawa mzuri uko wapi, mimi huuliza jambo jingine: katika mji huu, ni nani anayeweza kuonja tambi mbaya akajua ni mbaya, na yeye hula wapi?

Jibu mara nyingi liko kwenye historia ya vibarua. Kati ya mwaka 1876 na 1915 Waitaliano karibu milioni 14 waliihama nchi yao, wengi wakiwa wakulima maskini, na wimbi jingine likaondoka baada ya Vita Kuu ya Pili. Walikwenda kwenye kazi, na kazi zenyewe hazikuwa kwenye viwanja vya watalii. Ukiwa Uingereza, kwa mfano, watu watakupeleka Leicester Square ukale piza ya kujutia. Lakini Bedford, mji mdogo kaskazini mwa London ambao hauna cha kupigia picha, ulikuwa na viwanda vya matofali vilivyokosa wafanyakazi baada ya vita, navyo vikaandikisha vijana kutoka vijiji vya kusini mwa Italia. Wajukuu wao bado wako pale.

Ubelgiji ni vivyo hivyo, na hapa nawalenga hasa ndugu zetu wa Lubumbashi na Bukavu ambao safari zao za Ulaya huanzia Brussels. Mwaka 1946 Italia na Ubelgiji zilipatana: Italia itoe watu wa kuchimba, Ubelgiji iiuzie Italia makaa ya mawe. Tarehe 8 Agosti 1956 mgodi wa Marcinelle, karibu na Charleroi, ukashika moto na kuua wachimbaji 262, na kati yao 136 walikuwa Waitaliano. Anayetaka kula Kitaliano Ubelgiji aachane na Rue des Bouchers, ule uchochoro wa watalii nyuma ya Grand-Place ambako wahudumu humvuta mtu mkono. Apande treni mpaka Charleroi au La Louvière, kwenye mitaa ya watoto wa wachimbaji hao. Haipendezi sana kutazama, lakini wanaokula pale wanajua wanachokula.

Mji ninaoupenda kwa hoja hii, hata hivyo, ni Buenos Aires. Waitaliano walihamia Argentina kwa wingi kiasi kwamba Kihispania cha mji ule kinatamkwa kwa lafudhi yao. Kwenye barabara ya Corrientes kuna Güerrín, iliyofunguliwa mwaka 1932, na ukiingia utaona watu wengi wanakula wamesimama, kipande mkononi, koti halijavuliwa. Piza yao ni nene na jibini linamwagika pembeni. Mtu wa Napoli akiiona atashika kichwa. Kuna ile iitwayo fugazzeta, haina nyanya kabisa, ni rundo la vitunguu juu na jibini ndani. Kisha huja fainá, mkate mwembamba wa unga wa dengu, unga ule ule wa bajia zetu, uliookwa tanurini na kulazwa juu ya kipande cha piza, vikaliwa pamoja. Fainá ilitoka Genoa na mabaharia. Na kila tarehe 29 ya mwezi, familia na migahawa hupika ñoquis, vitonge vidogo vya viazi na unga, na watu huweka noti chini ya sahani kuombea riziki ya mwezi ujao. Sababu mtu yeyote anayelipwa mshahara anaifahamu. Tarehe 29 mfuko umetoboka, na viazi ndivyo vilivyobaki jikoni.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaohubiri Uitaliano halisi. Wao wangekuambia fugazzeta si chakula cha Kitaliano. Lakini je, chakula cha Kitaliano ni kipi? Italia yenyewe kama dola moja ni ya mwaka 1861, na mpaka leo Mtaliano hapiki Kitaliano. Anapika cha kwao, cha Roma, cha Bologna, cha Catania, kama ambavyo mtu wa Lamu na mtu wa Unguja wanavyoweza kukesha wakibishana juu ya pilau. Bologna wameupeleka ubishi huo ofisini kabisa: mwaka 1972 upana wa tambi za tagliatelle ulisajiliwa kwenye chemba ya biashara ya mji, milimita 8 zikishaiva, na mwaka 1982 ikasajiliwa pia namna ya kupika ragù, mchuzi wao wa nyama ya kusaga. Hakuna mahali pameandikwa spageti. Ile sahani ya spageti bolognese ambayo kila hoteli duniani inaipika, wenyewe Bologna hawaijui, na wamechoka kueleza.

Hilo linatupa alama moja ya kuaminika. Menyu inayosema wazi imetoka wapi, iwe Puglia, Sisilia au Liguria, inaonyesha mpishi ana kwao. Menyu ya kurasa kumi inayoanzia Milan hadi Palermo, ikapitia sushi na baga, imeandikwa na mhasibu.

Turudi nyumbani, maana Afrika Mashariki tuna somo ambalo Ulaya haina. Eritrea ilikuwa koloni la Italia tangu 1890 hadi 1941, na Asmara, ambayo UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2017, imejaa mabaa ya kahawa na majengo ya enzi ya Mussolini. Watalii huandika kuhusu macchiato ya Asmara kana kwamba ilikuwa zawadi. Chini ya sheria za ubaguzi za miaka ya 1930, Mweritrea hakuruhusiwa kuketi kwenye mabaa na migahawa ya Wazungu ya mji wake mwenyewe. Mzee anayekunywa kahawa pale leo, kikombe kidogo, gazeti pembeni, ameketi mahali ambapo babu yake angefukuzwa. Tambi zilibaki, wenye mji wakazitia viungo vyao vya berbere, na leo ni chakula cha nyumbani.

Somalia ni hivyo hivyo, na kwa yeyote aliye Nairobi safari ya kuonja haihitaji pasipoti. Nenda Eastleigh saa saba mchana. Baasto, yaani tambi kwa Kisomali, inakuja kwenye sahani pana, imepakwa suugo ya nyanya na nyama iliyotiwa xawaash, ule mchanganyiko wa bizari ya pilau, giligilani, pilipili manga, hiliki na vingine ambavyo kila nyumba ina wake. Pembeni kuna ndizi mbivu, nzima, na pilipili ya basbaas ya kijani. Wazee wengine hawashiki uma. Wanazungusha tambi kwa vidole vya mkono wa kulia, wanamega ndizi, wanapeleka mdomoni, na hata tone halidondoki. Somalia ya kusini ilitawaliwa na Waitaliano hadi 1941, kisha wakarudishwa kuisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa toka 1950 hadi 1960. Basi kizazi kwa kizazi watu hawa wamekula tambi, na ukiwapa zilizolainika kama uji watakurudishia sahani. Kwa kipimo changu cha mteja anayejua, baadhi ya tambi bora Nairobi ziko Eastleigh, na wala hazina bendera mlangoni. Ndugu Wasomali walioko Minneapolis wanajua ninachosema.

Malindi kwa juu juu inaonekana kunipinga, kwa sababu Waitaliano hawakuja pale kuchimba makaa. Waliotangulia walikuwa wahandisi. Mwaka 1967 Italia ilirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimikwa baharini upande wa Ngomeni, na tarehe 12 Desemba 1970 jukwaa hilo hilo likarusha setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake. Watalii wakafuata, na baada ya watalii wakaja wastaafu waliojenga nyumba na kubaki. Hao wa mwisho ndio waliotengeneza migahawa. Mtalii wa wiki moja husamehe. Mstaafu kutoka Brescia ambaye atakula mahali pale miezi sita kwa mwaka hasamehi, na ana muda wote wa kulalamika.

Matokeo yake, mtoto wa Kigiriama aliyeanza kwa kuosha vyombo akaishia kujua kuviringisha unga wa tagliolini kuliko wapishi wengi wa Ulaya. Na vizuri zaidi, jiko likajifunza soko la hapa. Tagliolini za kaa wa mikokoni wa Mida, nyama imechambuliwa kwa mkono, kitunguu saumu kidogo, nyanya mbili tatu zilizopasuka kwenye mafuta na basi, ni sahani ambayo huwezi kuila Roma kwa sababu kaa yule hayuko Roma. Mgahawa unaojisifu kwamba kila kitu chake kimekuja kwa ndege kutoka Italia mimi hunipa wasiwasi. Samaki wa Malindi yuko mita mia tatu, na wewe unamleta wa barafu kutoka Adriatiki?

(Piza ya Forodhani, Unguja, tusiihesabu. Unga wa chapati uliofungiwa mayai, nyama ya kusaga, vitunguu na chizi, ukakaangwa kwenye chuma. Naipenda, naila nimesimama, lakini ni mtoto wa ukoo mwingine.)

Sasa umeshaketi. Kitu cha kwanza cha kutazama ni saa. Tambi kavu huchukua dakika nane hadi kumi na mbili kuiva, risotto kama dakika kumi na nane, na nyingi husubiri uagize ndipo ziwekwe jikoni. Sahani ya tambi ikikufikia baada ya dakika nne, ilikuwa imeshachemshwa na kungojea kwenye friji. Menyu inayosema risotto inapikwa kwa watu wawili kwenda juu isikuudhi, hiyo ni heshima. Piza ni kinyume chake. Ile ya Napoli, kwa kanuni za chama chao cha Associazione Verace Pizza Napoletana kilichoanzishwa mwaka 1984, huingia kwenye tanuri la kuni lenye joto la nyuzi zaidi ya 400 na kutoka baada ya sekunde 60 hadi 90, ukingo una madoa meusi na katikati ni laini hadi inakunjika. Watu wa kwetu hudhani imeungua pembeni na ni mbichi katikati, wakairudisha. Waache wenzio wairudishe, wewe kula.

Simu ina faida yake pia, ukiisoma kwa ujanja. Mimi husoma maoni ya nyota moja. Mtu akilalamika kwamba tambi zilikuwa ngumu katikati, kwamba aliomba ketchup akanyimwa, kwamba walikataa kumwekea jibini kwenye tambi za samaki, au kwamba hawana tambi za kuku na malai, huyo amenifanyia kazi yangu bila kulipwa. (Tambi za kuku na malai nazila nyumbani, na sitaki mtu anihukumu.) Lakini wakilalamikia bili, sikiliza. Mwaka 2019 wageni wawili kutoka Japani walitozwa karibu euro 430 kwenye mgahawa mmoja wa Roma kwa sahani mbili za tambi za samaki na maji, euro 80 kati ya hizo zikiitwa malipo ya huduma. Na hiyo ni Italia yenyewe. Ukiona samaki au kamba koche ameandikiwa bei bila kusema ya nini, mara nyingi ni ya gramu 100, wanayoiita etto. Mwambie mhudumu apime mbele yako na aandike jumla kabla mafuta hayajapata moto. Malindi tunafanya hivyo kwa kilo na hakuna anayeona haya.

Kwa Waislamu, na wasomaji wengi wa gazeti hili ni Waislamu, kuna maswali ambayo menyu haiyajibu. Carbonara na amatriciana zina nguruwe kwa asili yake, wala usitegemee jina likuambie. Risotto nyingi huanza kwa divai nyeupe, ragù pia hutiwa divai, tambi za chaza hivyo hivyo, na tiramisu huweza kuwa na pombe. Parmigiano-Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho kwenye tumbo la ndama, na wapo wanaojali ndama huyo alichinjwaje. Hata Dubai usilale, maana kwenye mahoteli wapo wanaopika nguruwe na kumwandika kwenye ukurasa wa peke yake. Lakini habari njema ni kwamba jiko la Kitaliano lilikuwa jiko la maskini, na maskini hakuwa na nyama. Spageti za kitunguu saumu, mafuta na pilipili. Piza marinara, nyanya na kitunguu saumu, haina hata jibini. Tambi alla Norma za Catania, zenye biringani. Bresaola ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, ila halali yake ni ya kuuliza. Na kwa bahati, hizi sahani za kimaskini ndizo mtihani mgumu kuliko zote kwa mpishi, kwa sababu hana malai wala nyama ya kujifichia. Mgahawa nisioujua huanza nao kwa tambi za nyanya tupu. Zikinoga, kesho narudi kula samaki.

Jingine linalowachanganya wenzetu ni kipimo. Tambi kwa Mtaliano ni mlo wa kwanza, kama gramu 100 hivi, na baada yake huja nyama au samaki, mboga ukiagiza kando. Sisi tuliozoea sinia tunadhani tumepunjwa. Agizeni tambi kila mtu yake, samaki mmoja wa kugawana, na mboga, mtashiba bila kufilisika.

Kuhusu mpishi, nimewahi kusikia mtu akichungulia jikoni na kunung'unika kwamba hakuna Mzungu mule. Mwaka 2008 mabingwa wa Gambero Rosso, jarida kubwa la chakula la Italia, waliitaja carbonara bora ya Roma kuwa ile ya Nabil Hadj Hassen, Mtunisia. Piza nyingi za Roma na Milan zinatoka kwenye mikono ya Wamisri. Wakati huo huo, mwaka 2009 mji wa Lucca ulipiga marufuku kufunguliwa migahawa mipya ya kigeni katikati ya mji, kulinda mapishi ya kwao, kana kwamba adui ni mwenye kebabu. Wenye kuharibu chakula cha Italia ni wale wanaompikia mtu asiyejua.

Na hapo ndipo nina hofu na Malindi. Waitaliano wamepungua miaka ya karibuni, na meza zao tunazikalia sisi, wageni wa wikendi kutoka Nairobi na Mombasa. Fedha tunazo, ila tunaomba tambi zilainike, tunaomba kuku ndani ya kila kitu, tunaomba ketchup, na jiko linaanza kutii. Yule fundi wa Kigiriama aliyefunzwa na wateja wakali sasa ana wateja wapole, na ufundi wake utakufa kwa upole huo. Basi ukifika pale Pasaka hii, agiza tagliolini za kaa, waambie wazitoe zikiwa bado zina ugumu kidogo, na zikija zimelegea zirudishe jikoni.